Seti nzima, sofa la L au viti vya miguu? Kabla hujaagiza, kiangalie chumba chako kwanza

Kuna siku nimesimama mlangoni kwangu Mabatini, hapa Mwanza, mikono kiunoni, naangalia vijana wanne wamekwama na kochi la watu watatu kwenye zile ngazi za mawe, mmoja juu anavuta, wawili chini wanasukuma, na yule wa katikati ananiambia "bosi, hili hata tukifika haliingii". Na kweli halikuingia. Ikabidi tung'oe mlango kwenye bawaba, kochi tukalilaza ubavu, likapita kwa kukwangua rangi ya fremu pande zote mbili. Nikapanga seti yangu mpya ya 3-2-1-1, yaani kochi la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, nikakaa, nikatazama, nikajiuliza hivi chumba kimeenda wapi. Yaani asubuhi nilikuwa na sebule, jioni nina stoo ya makochi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa fundi yale makochi yalionekana ya kawaida tu, hata madogo. Baadaye ndo nikaelewa. Kwa fundi kochi limekaa nje pembeni ya barabara, juu yake mbingu, mbele yake malori yanapita, hakuna ukuta wala dari. Kitu kikikaa karibu na lori lazima kionekane kidogo. Ukija kukiweka ndani, jirani yake ni ukuta na dirisha, hapo ndo unaona umbo lake halisi.

Sasa naona watu wengi wanaulizana seti au L, L au viti vya mbao, na majibu yanayotolewa ni "L ndo ya kisasa" au "seti ndo heshima ya nyumba", wakati aliyeuliza hajasema hata chumba chake kina ukubwa gani. Kwa hiyo nitaziweka zote tatu mezani kwa vigezo vilevile, alafu utaamua mwenyewe. Bei sitaji, maana inategemea mbao, sponji, kitambaa na unavyojua kupatana.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni sakafu. Unapoingia chumbani huwezi kupima mita za mraba kwa macho, unachofanya ni kuangalia sakafu inaenda mpaka wapi kabla haijazibwa na kitu. Ukiiona mpaka pale inapokutana na ukuta wa mbele, chumba unakiona kikubwa, ikikatwa na kochi hatua mbili tu kutoka mlangoni unakiona kidogo, hata kama nyuma ya kochi kuna nafasi.

Cha pili ni ukuta na mwanga. Kochi la mgongo mrefu linakula ukuta, na ukuta ukibaki mfupi dari nayo inaonekana imeshuka. Rangi nayo ina kazi yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, akina Daniel Oberfeld na Heiko Hecht, walipima jambo hili wakakuta kwamba dari ikiwa nyeupe zaidi chumba kinaonekana kirefu zaidi kwenda juu, na kuta zikiwa nyeupe zaidi vilevile, na ukiziweka zote mbili athari zinajumlishana. Wao walipima dari na kuta, hawakupima makochi, ila kochi refu la rangi ya damu ya mzee mbele ya ukuta wa krimu maana yake umechukua nusu ya ukuta wako mweupe ukaufanya mweusi.

Cha tatu ni maongezi, na hiki ndo watu wanakisahau kabisa. Miaka ya 1950 huko Saskatchewan, Kanada, daktari mmoja wa magonjwa ya akili anaitwa Humphry Osmond alikuwa na wodi ya bibi wazee, imekarabatiwa, imewekewa viti vipya, safi, inang'aa, lakini cha ajabu kadri ilivyopendeza ndivyo wale bibi walivyozidi kuwa kimya. Akamwita mwanasaikolojia Robert Sommer aangalie. Alichokikuta ni viti vimepangwa mstari bega kwa bega, vingi migongo ukutani, na ukikaa hivo kuongea na mwenzako mpaka ugeuze shingo. Wakaleta meza ndogo za mraba, viti wakavizungushia, na baada ya wale bibi kuzoea, maongezi yakawa mara mbili ya mwanzo. Wagonjwa walewale, chumba kilekile. Sasa fikiria sebule zetu, makochi yote mgongo ukutani, katikati uwanja wa mpira, tivii inaongea peke yake.

Cha nne ni kupita na kubeba, kwa sababu hapa Mwanza nusu ya mji umekaa juu ya mawe. Na cha tano ni vumbi, wadudu na watoto.

Tuanze.

SETI NZIMA (3-2-1-1)

Hili ni lile kochi lenye mikono minene kama mito miwili ya kulalia, mgongo mrefu, na chini limefungwa kitambaa mpaka sakafuni. Wengi tumelelewa juu yake, na vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama alikuwa anatugombeza tukivivuta.

Sakafu: tupige hesabu. La watu watatu linakula kama futi 7 kwa 3, hapo ni futi za mraba 21. La wawili futi 5 na nusu kwa 3, hiyo 16 na nusu. La mmoja futi 3 na nusu kwa 3, mawili yanafanya 21. Jumla 58 na nusu. Sebule ya 10 kwa 12 ina futi za mraba 120, kwa hiyo kabla hujaleta meza ya katikati na stendi ya tivii, karibu nusu ya sakafu imeshaondoka, na kwa vile kochi limegusa chini hakuna upenyo wowote, jicho likilifikia limegota. Ndo kilichonikuta mimi.

Lakini tusilionee. Lipeleke seti hilohilo kwenye sebule ya futi 16 kwa 20, zile nyumba za kujijengea kule Nyegezi au Kisesa ambako mtu amejimwaga, hapo linafanya kazi ambayo hizo nyingine haziwezi. Chumba kikubwa kikiwekwa viti vyembamba kinaonekana kama watu wamehamia jana na mizigo mingine bado iko njiani. Seti zito linakishika chumba, linakipa uzito, mgeni akiingia anajua hapa watu wanaishi.

Ukuta na mwanga: hapa ndo penye tabu. Madirisha mengi yanaanza kama mita moja toka chini, na mgongo wa hili kochi uko hapohapo au umezidi kidogo, kwa hiyo ukiliweka chini ya dirisha linagusa pazia na kumeza mwanga wa chini. Ukilichukua, kuwa makini na rangi. Kijivu chepesi, ugoro, maziwa ya chai, hizo zinapunguza ukubwa wa kochi kwa macho. Kama ukuta una rangi inayokaribiana na kochi ndo vizuri zaidi, linayeyuka humo, halijitokezi.

Maongezi: yale ya mtu mmoja mmoja ni mali. Ukiyageuza kidogo yakaangalia lile la watatu umepata duara. Pia kila mtu ana kiti chake, baba ana kochi lake linajulikana, mkwe akija ana pa kukaa peke yake bila kubanana na mtu. Ila kwenye sebule kubwa usiyatawanye mno. Huyohuyo Sommer alipima watu wanapendelea kukaa wakitazamana mpaka umbali gani, akakuta ukizidi kama futi 5 na nusu kutoka uso kwa uso, watu wanaona bora wakakae upande mmoja. Hiyo ni kama mita 1.7. Ukisukuma makochi mpaka ukuta kwa ukuta kwenye futi 16, mnaongea kama mko ng'ambo mbili za kivuko.

Kupita na kubeba: kila kipande kizito, ila angalau vipo vinne tofauti. Ukihamia chumba kidogo unaweza kuchukua viwili na vingine ukauza.

Vumbi na wadudu: kile kitambaa kinachofunga chini kinaficha, na kinachofichwa ni vumbi, penseli za watoto, na siku moja panya. Kulivuta ufagie ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo halivutwi mpaka Pasaka.

Linamfaa nani: mwenye nyumba yake, sebule kubwa, wageni wengi wa heshima, na asiyehama hama.

SOFA LA L

Watu wa makamo wanaliona kama fasheni ya vijana, ila ukikaa chini ukalifikiria lina akili yake.

Sakafu: L ya futi 8 kwa 6, kina futi 3, inakula 33 tu. Na siyo hesabu tu, ni mahali inapokula. Uzito wote umesukumwa kwenye kona moja, sakafu iliyobaki ni kipande kimoja kizima, siyo vipande vipande kama kwenye seti. Ukiingia mlangoni macho yanapita mshazari toka kona hii mpaka ile, na hakuna mstari mrefu ndani ya chumba kuliko mshazari. Ndo maana chumba kilekile cha 10 kwa 12 kikiwekwa L vizuri kinaonekana kimepumua.

Nimesema vizuri. Maana kuna kosa nimeliona kwenye nyumba zaidi ya tatu, ile sehemu fupi ya L inakuja kukatiza upande wa mlango, kwa hiyo unafungua mlango unakutana na mgongo wa sofa. Hapo umejenga ukuta mwingine ndani ya chumba. Sababu huwa ni kuagiza kushoto badala ya kulia. Mteja anasema "kona ya kushoto" akiwa anajiona amekaa kwenye sofa, fundi anachora akiwa amesimama mbele yake, kila mtu na kushoto kwake. Usiseme kushoto wala kulia, chora chumba kwenye karatasi, weka mlango, weka dirisha, weka sofa, mpe fundi ile karatasi na wewe baki na picha yake kwenye simu.

Ukuta na mwanga: nyingi za sasa zina mgongo mfupi, kama sentimita 75 hadi 85, kwa hiyo dirisha linabaki wazi. Kama una bahati dirisha lako linaangalia ziwa, Capri Point huko au juu Isamilo, hili ni jambo kubwa, kwa sababu ziwa nalo linakuwa sehemu ya sebule. Ukikaa unaliona, ukisimama unaliona. Weka kochi refu hapo mbele uone utakavyobaki na vipande vya mbingu tu. Ila jua la jioni kwa wanaotazama magharibi linapiga kwenye maji linarudi ndani, ni kali mara mbili, na kitambaa cheusi cha velveti kitapauka upande mmoja. Hilo ni tatizo la kupendeza lakini ni tatizo.

Maongezi: hapa nina mawili na yanapingana. Sommer aliwahi kuangalia watu mezani kwenye kantini ya hospitali ileile, akakuta wanaokaa pembeni ya kona, mmoja huku mwingine huku, wanaongea mara mbili ya wanaokaa bega kwa bega, na wanaokaa bega kwa bega wanaongea mara tatu ya wanaotazamana ng'ambo ya meza. Kona ina siri yake, unamwona mwenzako lakini hulazimiki kumkodolea macho. Na L ni kona. Kwa watu wawili, watatu, hakuna kiti kinachoshinda pale.

La pili, wakizidi watu wanne basi wamekaa kama kwenye daladala, wote wanatazama tivii. Yule wa kwenye kona yenyewe miguu haina pa kwenda, akitaka kutoka anaomba njia. Na kuna suala la adabu ambalo waliobuni haya masofa sidhani kama walilifikiria, kwa familia nyingi za huku mkamwana hakai kochi moja na baba mkwe. Sofa ni moja nyumba nzima, mzee amekaa upande huu, wewe utakaa wapi? Nimeona dada mmoja amekaa kwenye kigoda cha jikoni siku nzima sebuleni kwake mwenyewe. Ukichukua L, ongeza walau kiti kimoja cha pekee chenye miguu, kikae upande wa wazi, tatizo limeisha na maongezi yanapata mduara.

Kupita na kubeba: hakikisha linafunguka vipande viwili au vitatu na linafungwa kwa boliti, muulize fundi kabla, maana wengine wanalipigilia misumari moja kwa moja. Na hapa ndo udhaifu wake mkubwa kwa mpangaji: L imezaliwa kwa ajili ya kona moja. Ukihama, nyumba mpya ina mlango pale ilipokuwa kona yako, umekwisha.

Vumbi na wadudu: inategemea miguu. Zenye miguu ya sentimita 10 na kuendelea fagio linapita. Wanaoishi karibu na maji wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, usiku wanafuata taa, asubuhi wamelala chini ya dirisha kama majani ya chai. Kitambaa cheupe cheupe kinabaki na madoa yao. Kama sofa lako liko chini ya dirisha na dirisha halina wavu, chagua rangi ya kati, au kitambaa kinachovulika.

Linamfaa nani: familia changa, sebule ndogo mpaka ya wastani yenye kona moja kamili isiyo na mlango, mtu aliyejenga au anayejua hatahama karibuni, wanaopenda kujinyoosha kuangalia mpira.

VITI VYA FREMU VYENYE MIGUU

Hivi ni vile vya mbao au chuma, mikono myembamba, mito ya kutoa, chini kweupe. Wazee walikuwa navyo zamani, vikaitwa vya kishamba, sasa vimerudi vinaitwa vya kisasa. Ndo dunia.

Sakafu: benchi la watu watatu futi 6 kwa 2 na nusu, vya mmoja viwili futi 2 na nusu kila upande, jumla futi za mraba 27 na nusu. Lakini hesabu inadanganya kwa uzuri hapa, kwa sababu hata hizo 27 hazijapotea machoni. Sakafu inapita chini ya kiti, unaiona inatokea upande wa pili, unaona marumaru yanafika ukutani. Miguu ikiwa na kama sentimita 15 au 20 inatosha. Kwa chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho kitanda na sebule vinatenganishwa na pazia, sijaona kinachokaribia hivi.

Kasoro yake ni miguu ikizidi. Viti vitano miguu 20, meza ya katikati 4, stuli ndogo nne miguu 16, stendi ya tivii nayo ina yake. Unapata msitu. Jicho halipati pa kutulia, na chumba kinaonekana kimejaa ingawa kiko wazi. Dawa yake ni kitu kimoja kizito kilichogusa chini, kabati au kapu kubwa, na zulia moja linaloingia chini ya miguu ya mbele ya viti vyote ili viwe familia moja. Na usigeuze chini ya kiti kuwa stoo ya viatu, maana hapo umeharibu kila kitu ulicholipia.

Ukuta na mwanga: mwanga unapita kwenye mikono na mgongo, kivuli kinakuwa chepesi. Rangi ya mbao nayo inasema. Mninga una ule wekundu wa kahawia unaopasha chumba joto, paini ni nyeupe njano, inaleta wepesi. Chuma chembamba nacho hakizibi ukuta.

Maongezi: hapa ndo mshindi wa kusogea. Leo mko wawili, vitazamane. Kesho jumuiya inasali kwako, watu 15, unaviweka pembeni dakika tano, mkeka unatandikwa, wengine wanavibeba mpaka uani. Seti zito siku ya jumuiya ni adui, watu saba wamezama kwenye makochi na wengine wanane wamesimama koridoni wakisema amina.

Kupita na kubeba: mtu mmoja kichwani, hata ngazi za mawe za Mabatini anapanda huku anapiga stori.

Vumbi na wadudu: mito unavua, unafua, unaanika juu ya jiwe, jioni imekauka. Ila mito inateleza, hasa kama kitambaa ni laini, mtoto akiruka mara moja mto uko chini. Mwambie fundi aweke kamba au vifungo. Na sponji ya bei chee kwenye kiti hiki haina pa kujificha, miezi michache unakalia mbao. Kwenye seti kuna springi na mikanda inasaidia, hapa ni sponji peke yake, kwa hiyo usibane pesa kwenye sponji, bana kwenye kitambaa.

Kuna jambo la urefu pia. Vile vya chini sana, sentimita 35 kwenda chini, kwenye picha vinapendeza na vinafanya dari ionekane iko mbali. Mama mkwe wangu alikuja toka Misungwi akakaa kwenye kimoja cha aina hiyo, kuinuka ikawa shughuli, akatucheka akasema hiki ni kiti cha kumfungia mgeni asiondoke. Sentimita 42 mpaka 45 baada ya sponji kubonyea, wazee wanainuka wenyewe.

Vinamfaa nani: mpangaji, chumba kidogo, nyumba ya mlimani, wenye wageni wa makundi, wenye watoto wa kumwaga chai. Havimfai sana mtu anayependa kulala kochini mchana, mkono wa mbao siyo mto.

Nyongeza ndogo, kukaa chini

Kuna wanaoweka mikeka, magodoro membamba na mito ukutani, ule mtindo wa majilisi. Kwa macho hakuna kinachokuza chumba kama hiki, macho yako yenyewe yameshuka, dari imekwenda juu, kuta zote ziko wazi. Sikukiweka kwenye ulinganisho kwa sababu kinadai maisha yake, viatu nje, tivii ishuke, meza ishuke, picha za ukutani zishuke. Ukikaa chini huku kila kitu kingine kimebaki juu unajisikia mtoto. Ila kwa chumba cha pili, cha kusomea au cha watoto, ni raha.

Sasa wewe uko wapi?

Unapanga chumba na sebule na mkataba ni wa miezi sita sita: nenda na viti vya fremu. Ukitaka sana kochi la kuzama, chukua la watu wawili peke yake na viti viwili vya mbao, siyo seti.

Umejenga, sebule kubwa, wageni hawakauki: seti halitakuangusha, ila vuta makochi kutoka ukutani, yaache hatua moja moja, yakaribiane. Utaona kama unapoteza nafasi, kumbe chumba ndo kinapata katikati yake.

Sebule ya wastani, ndoa changa, mtoto mmoja: L, mgongo mfupi, rangi ya kati, pamoja na kile kiti cha pekee cha baba mkwe.

Una dirisha la ziwa: chochote utakachochukua, mgongo usizidi kizingiti cha dirisha. Pima kizingiti kabla ya kupima kitu kingine.

Unaishi na mzee: angalia urefu wa kukalia na uimara wa mkono, maana mzee anainuka kwa kusukuma mkono wa kiti. Mikono minene ya sponji inabonyea, ya mbao inamshika.

Chumba chako kina giza, nyumba ya jirani imekaribia dirisha au kuna jiwe kubwa mbele: kwanza dari na kuta zipakwe nyeupe, ni rahisi kuliko kochi. Baada ya hapo viti vya miguu au L ya rangi nyepesi. Seti la damu ya mzee humo ndani utawasha taa saa nane mchana.

Na kabla ya kulipa advansi, chukua maboksi, yakate kwa vipimo vya kochi unalotaka, yatandike sakafuni kwako, ishi nayo siku mbili. Ukiona unayakanyaga kila ukienda jikoni, hilo kochi litakukanyaga wewe. Alafu pima sehemu nyembamba kuliko zote toka barabarani mpaka sebuleni, siyo mlango tu, pima na kona ya koridoni na pale ngazi zinapopinda kati ya mawe.

Mimi yale mawili ya mtu mmoja nilimpelekea dada yangu Magu, la watu wawili liko barazani linanyeshewa pembeni. La watatu bado liko ndani. Vijana walinitajia bei ya kulishusha, nikaona bora niendelee kulikalia.